Jiwe la Shujaa Nililolitwanga

Kabula,

Usiifungue barua hii hapa nyumbani. Ifungue basi likishatoka Katoro, konda akishamaliza kelele zake. Lakini kabla hamjafika Ushirombo uwe umeimaliza, kwa sababu Ushirombo kuna jambo nataka ulifanye, na ukipitiliza sijui kama tutapata siku nyingine ya kulirekebisha.

Mama yako ameshakwambia habari za neti, za kutokula chakula cha watu usiowajua, za wanaume wa Dar wenye maneno ya asali. Amekwambia mara tisa, mimi sirudii. Na barua za wazazi nazijua. "Mwanangu mpendwa, mche Mungu, heshimu wakubwa." Mfyuu! Mzee anayeandika hivyo mara nyingi ana lake alilolificha chini ya godoro. Mimi langu nalitoa mapema, nisije nikapata muda wa kulipamba.

Si Shangazi Minza aliyeharibu jiwe la shujaa wako. Ni mimi.

Soma tena ukitaka. Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi tatu, na mbili nimezitia jikoni. Mama yako akaniuliza nachochea moto wa nini na ugali umeshaiva. Mara tatu wiki hii nimekuja hadi mlangoni kwako nikuambie kwa mdomo, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama begi lina zipu nzima. Basi ndiyo nimekuja kukaa hapa kwenye karasha la kusagia mawe, mashine imezimwa, vijana wamekwenda kula, naandika juu ya gunia la mawe.

Nianze na ujinga, maana ndio uliotangulia.

Siku ile uliporudi na mfuko wa vidude vya kijivu kutoka kwenye mtumba, kila kimoja urefu wa kidole, mama yako alidhani ni vizibo vya chupa. Wewe ukasema ni mashujaa wa nchi isiyokuwepo. Nilicheka hadi nikakohoa. Nchi iliyopo imetushinda, wewe unatafuta isiyokuwepo! Ukamchagua mmoja mwenye kofia ya pembe na mkuki, ukampaka nyeupe mwili mzima kama marehemu, ukaanza. Brashi ulijitengenezea kwa nywele za mkia wa ndama ulizozifunga kwenye mrija wa kalamu. Rangi ulimwomba yule fundi wa kuandika mabango. Wiki nzima ukaimaliza kwenye uso mdogo kuliko punje ya mtama, na mimi kila nikipita nasema, "Huyo bado hajaota ndevu tu?"

Na Maganga akaja. Unamjua Maganga, mshirika wangu wa duara, shimo letu la dhahabu. Akakaa pale kibarazani akasema, "Jicho, binti yako ana miaka ishirini na mbili anacheza na midoli. Wenzake wa umri huo wananyonyesha." Nikacheka naye. Nilicheka na Maganga, Kabula, ambaye alipopata mali mwaka ule alinunua kochi la watu saba lisilopita kwenye mlango wa nyumba yake, likakaa nje likinyeshewa mpaka kuku wakalitagia. Mtu wa kochi la kuku ndiye aliyenifundisha namna ya kumwangalia mwanangu.

Jina hilo la Jicho unajua nilivyolipata. Rwamgasa nzima, mtu akiokota jiwe lenye wasiwasi, wanasema mpelekeeni Baba Kabula, yule ana jicho. Naligeuza mara moja juani, nasema dhahabu imo au haimo, na sikosei. Nimeishi na sifa hiyo miaka ishirini. Nimeishi nayo kiasi kwamba nilikuwa nikiingia hata kanisani nawaangalia watu kama mawe, huyu imo, huyu haimo. Wewe nilishakuweka kwenye rundo la wasio nayo.

Baba yangu nilimfanyia hivyo hivyo. Nilikuwa kijana Songwa, nachekecha kokoto za almasi ambazo wakubwa walishazichekecha wakazitupa, na yeye yuko Kishapu na jembe lake na pamba yake. Nilikuwa nikirudi nyumbani simsaidii hata kubeba kiroba. Nilimwona mtu mdogo. Alikufa akiwa na ng'ombe kumi na mmoja na watu wa vijiji vitatu wakimlilia. Mimi nikifa leo atalia nani, Maganga? Kwa hiyo dharau haijaanza kwako. Nilikuwa nayo tayari, nikakuhamishia wewe.

Sasa njoo kwenye ile Jumamosi.

Wale watu wa karakana ya vikaragosi vya filamu walikuwa wanafika Mwanza Jumatatu kuangalia kazi za vijana. Walishaona picha yako kwenye simu, wakasema ukilete chenyewe wakishike. Wewe ukaenda Katoro kutafuta boksi la kukisafirishia. Shujaa wako ukamwacha dirishani, kwenye jiwe ulilomwekea asimamie.

Mimi nilikuwa nimetoka duarani vibaya. Mwamba wenye dhahabu ulikuwa umekatika. Tumeshuka mita na mita, matimba ya kuzuia kuta tumefunga upya, na tunachotoa ni gange tupu, jiwe jeupe lisilo na kitu. Nikaingia ndani natafuta maji ya kunywa. Jua la saa tisa likapiga dirishani pale, na nikaliona lile jiwe.

Sikumwona shujaa, Kabula. Nataka ulijue hilo. Nililiona jiwe peke yake. Jeupe, limepasuka katikati kama mdomo wa duara, na ndani ya mpasuko ule mshipa umeshuka, kahawia, halafu manjano, halafu vile vinukta vinavyokupiga jichoni ukigeuza kichwa. Nikajisemea, huyu mtoto ameokota jiwe kwenye rundo langu, lina mali hivi, na amelifanya kiti cha mdoli!

Nilikasirika kabla sijafikiri. Nikachukua kisu nikamng'oa shujaa wako. Mkono wenye mkuki ukakatika, nikautia mfukoni na mwenyewe nikamtia mfukoni. Jiwe nikalifunga kwenye shati, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye kile kinu cha chuma cha kupigia sampo, mawe ya kujaribia, nikalitwanga.

Mtu mwenye jicho angelitazama kwanza. Angelilamba, angelikwaruza kwa ukucha. Mimi nilitwanga. Nilitwanga kwa furaha, naimba. Nikamimina unga kwenye karai, nikatia maji, nikaanza kuzungusha. Maji yakawa ya manjano kama uji wa mtoto. Utando wa rangi ukaja juu ukaelea.

Nimechimba miaka ishirini, Kabula, na dhahabu haijawahi kuelea.

Baadaye nilikusikia ukimweleza mama yako jikoni huku unalia, kwamba lile jiwe ulilichonga mwenyewe kwa jasi, na hukutumia rangi ya kung'aa hata tone. Kwamba rangi ya kung'aa ni ya wavivu. Ulitumia kahawia, manjano, na nukta nyeupe pale tu ambapo mwanga ungegusa kama lingekuwa la kweli. Na kwamba kivuli unaweka kwanza, mwanga mwisho kabisa, rangi nyembamba mara nyingi na siyo nzito mara moja. Nilisimama nyuma ya ukuta nikasikiliza yote. Hakuna dalali, hakuna injinia aliyewahi kumdanganya Jicho wa Rwamgasa. Wewe ulinidanganya na nywele za ndama, na hukuwa hata unanidanganya. Ulikuwa unachora.

Nikiwa pale na karai, Shangazi Minza akatoka na ndoo yake ya kufulia. Akasema, "Unaosha nini?" Nikasema, "Sampo." Akaniangalia, akaangalia karai, akapita kwenda kuanika. Nikamwaga yale maji kwenye migomba. Chini ya kinu kilikuwa kimebaki kitu kimoja hakijasagika. Nikakiokota. Kibuti. Buti la plastiki, dogo kuliko mchele, jeusi, limechanika upande wa kushoto.

Langu. Lile buti langu lililochanika upande wa kushoto ambalo mama yako kila siku ananiambia nilitupe. Kumbe ulikuwa umeliweka pale mdomoni mwa duara lako, na mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa naangalia mshipa. Mama yako ndiye aliyenieleza baadaye. Akasema, "Yule shujaa halindi dhahabu, Baba Kabula. Alisema anamngoja mtu aliyeko chini ya shimo mpaka atoke."

Nilitaka nikwambie siku ile ile. Naapa. Nilikaa nimejipanga. Halafu ukaingia na boksi lako umelitandika pamba, unatabasamu, ukaona dirisha tupu. Ukapiga ukelele ambao sijausikia tena. Ukauliza, "Baba, shujaa wangu yuko wapi?" Na mimi nikasema, "Muulize shangazi yako."

Maneno matatu. Ona hapo nilivyo. Uongo wenyewe sikuwa na ujasiri wa kuumaliza, nikakukabidhi wewe uumalizie. Maana nilijua utaumalizia. Shangazi yako na rozari yake alishasema mbele yetu wote kwamba kile kisanamu kina pembe, na kwamba angekuwa na uwezo angekitupa chooni. Kila mtu alisikia. Nilichofanya ni kuegemea maneno hayo.

Naye alikuwa amesimama pale mlangoni. Akaniangalia mimi, siyo wewe. Halafu akasema, "Mimi sijui, mwanangu."

Na wewe ukamwita mchawi.

Sikulaumu, na sikufichi. Ulisema kwa sauti, mlango wazi, kwa mjane wa miaka sitini na zaidi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Hapa kwetu neno hilo kwa mwanamke kama yule si tusi. Unajua watu wetu. Wameua vikongwe kwa neno hilo, wamewaua wakiwa wanapika. Kesho yake wanawake kisimani hawakumpisha foleni. Keshokutwa Maganga, yule wa kochi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama duara letu limekauka kwa sababu ya "mtu wa ndani." Nikanyamaza. Nilijua kwa nini limekauka, mwamba umekatika, mtoto wa darasa la tatu angemwambia. Nikachezea kiberiti.

Haikupita wiki, Shangazi yako akafunga kanga zake kwenye kiroba, akapanda bodaboda akarudi Ushirombo kwenye kile kijumba alichoachiwa na marehemu. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Wewe ulijifungia chumbani. Mimi nilimshikia pikipiki isiyumbe wakati anapanda, nikamwambia "safari njema, dada." Safari njema! Natamani ningekuwa mtu mwingine nimtemee mate yule aliyeshika pikipiki.

Miezi minane. Jumatatu ile hukwenda Mwanza, nafasi ikaenda kwa mwingine. Mtu mwingine angeacha. Wewe ukachukua kidude kingine cha kijivu kwenye ule mfuko ukaanza upya, na safari hii ulikuwa ukimaliza unakifungia kwenye sanduku la mama yako na kufuli. Kila nilipoona kufuli lile nilikuwa nakosa hamu ya kula. Ulikuwa unamfungia mwanamke aliyeko Ushirombo, na mwizi anakula meza moja na wewe, anakuomba umpitishie chumvi.

Sasa wale wa karakana wamekuita Dar. Huko utakutana na watu watakaoshika kazi yako kwa vidole viwili na kuuliza inasaidia nini. Wengine watakuwa na vyeo, na miwani, na jina la kuitwa kama langu. Usihangaike nao sana. Nimekuwa mmoja wao na nakuambia ndani hakuna kitu, ni gange. Lakini kuna siku na wewe utakuwa na jicho, watu watakuletea kazi zao uziseme imo au haimo, na utajisikia vizuri sana. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa kwa ajili yako kuliko wanaume wa Dar.

Kwenye kiroba cha michembe, vile viazi vikavu, chini kabisa, kuna kopo la dawa ya meno ya unga. Fungua polepole. Yumo shujaa wako wa kwanza. Nimemweka miezi yote hii kwenye kisanduku cha mizani, nimemfunga na pamba. Mkono nimemgundisha mwenyewe na umekaa upande, mkuki unaelekea kwapani, anaonekana kama mtu anayejikuna. Nilijaribu pia kumtengenezea jiwe jingine. Nilichanganya jasi, nikachonga, nikapaka rangi nzito mara moja. Mama yako aliliona akauliza kama mbuzi ameingia ndani. Nimelitupa. Kibuti kimo humo humo kwenye kopo, hakina pa kukaa. Utajua mwenyewe.

Sasa hilo la Ushirombo.

Leo mchana nilipanda kile kichuguu ambako simu inashika, nikampigia. Sikuwa nimezungumza naye tangu aondoke. Akapokea, "Mhola, Baba Kabula?" kama vile tumeonana jana. Nikamwambia yote, bila kupumzika, karai, maji, dirisha, maneno yangu matatu. Nilipomaliza nikasikia kuku wake wanalia kule.

Akasema, "Nilijua tangu siku ile. Maji ya karai yako yalikuwa ya manjano."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mtoto anamwita mchawi mbele ya majirani, na yeye amenishika mkononi, kwa nini hakusema!

Akasema, "Ningesema, mtoto angebaki na nani? Shangazi anaweza kuhama. Baba anahamia wapi?"

Nilikaa chini pale kwenye kichuguu, Kabula, mtu mzima na suruali ya kazi, nikalia. Wachungaji wawili walipita na ng'ombe wakanisalimia shikamoo nikawapungia mkono. Yeye akasubiri nimalize. Halafu akauliza, "Gari lake linapita saa ngapi?" Nikamwambia kama saa tatu asubuhi. Akasema atakuwa stendi tangu saa moja, maana mabasi siku hizi hayana adabu.

Kwa hiyo atakuwa pale. Amesema atavaa kitenge chake cha kanisani umwone mapema. Basi linasimama watu wanunue mahindi, dakika kumi hivi, kumi na tano ukimwomba dereva kwa heshima. Shuka. Usimwamkie kwa juu juu dirishani kama abiria. Piga magoti hapo hapo kwenye vumbi, watu waone, maana neno lile ulilisema watu wakisikia. Wewe lilikutoka mdomoni, lakini mimi ndiye niliyelitia humo, na hilo umwambie pia.

Mimi kesho ukishaondoka nitaanzia kwa Maganga. Nitamwambia akiwa amekaa na wenzake, siyo pembeni. Halafu kisimani, wanawake wakiwa wamejaa. Watacheka, Jicho ametwanga rangi. Wacha wacheke, wanichekee mpaka mvua za masika. Nikishamaliza huko ndipo nitakwenda Ushirombo kumwomba dada arudi, na akikataa sitamlazimisha.

Vijana wanarudi, wanataka kuwasha mashine. Mama yako ananukia mafuta ya maandazi mpaka huku. Usiku tutakaa mezani sisi watatu na nitakuomba chumvi kama kawaida, na wewe utanipa, kwa sababu bado hujaisoma hii. Nitaipokea kwa mikono miwili.

Sijui utaniita nani ukishaisoma. Chagua mwenyewe, sina cha kudai.

Na kesho ukiwa umepiga magoti pale stendi, shangazi yako akakuuliza baba yako hajambo, usinitetee.

Ni mimi,
aliyekuzaa